Muhula wa Sahani Nyeupe

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza na muhula umeanza, vyote siku moja. Mkuu wa shule aliniita ofisini kabla sijavua koti la mvua akanikabidhi faili la kijani. Wafadhili wametoa matunda na mboga kwa muhula mzima, kila mtoto apate mchana. Mimi ndiye nitakayesimamia: niwafundishe faida zake, nihakikishe wanakula, nijaze chati. Mwisho wa muhula wakaguzi watakuja kujionea. Nilimwambia nina madarasa mawili na rundo la madaftari ya kusahihisha. Akasema ndiyo maana amenichagua, sina familia ya kunishughulisha.

Familia ninayo, iko mbali tu. Mume wangu na mwanetu wa miaka minne wanakaa kwa mama mkwe, safari ya siku nzima. Barua yangu ya kuomba uhamisho iko juu ya meza ile ile ya Mkuu tangu Oktoba, imekandamizwa na jiwe isipeperuke. Bila sahihi yake haiendi kokote. Niliitazama, naye akaniona nikiitazama.

"Tumalize hili vizuri kwanza," akasema, "halafu tutaongea mambo yako."

Nimelipokea faili.

Jumanne, 5 Machi

Somo la kwanza. Niliwauliza darasa la tatu mboga zinatusaidia nini. Wakajibu kwa sauti moja kwamba zinajenga mwili. Mchana karoti zote zilikuwa chini ya meza.

Jumatano, 6 Machi

Nimegombana na mpishi. Kabichi yake inatoka jikoni ikiwa ya kijivu, imelegea kama kitambaa cha kudekia, na harufu yake inafika mpaka darasani. Nilimwomba aipike kidogo. Alinisikiliza hadi mwisho, akafuta mikono, akasema anapikia watoto mia mbili kwa sufuria mbili, na kama nataka kabichi inayotabasamu nije niipike mwenyewe. Mtu mkaidi, na nadhani ni mvivu pia.

Ijumaa, 8 Machi

Barua bado iko chini ya jiwe. Mvua.

Jumatatu, 11 Machi

Chati ya wiki ya kwanza imemkera Mkuu. Leo asubuhi, watoto wakiwa mstarini, ametangaza sheria: hakuna mtoto kutoka bwaloni mpaka sahani yake iwe nyeupe. Mwalimu wa zamu atasimama mlangoni.

Kusema kweli nilishusha pumzi. Nilikuwa nimeshachoka kubembeleza. Sheria ikiwa ya mtu mwingine, kuitumikia ni rahisi.

Alhamisi, 14 Machi

Sheria inafanya kazi. Watoto wanabana pua wanameza. Mmoja alitapika, tukamsafisha, akapewa sahani nyingine. Chati imejaa alama za vema tupu, isipokuwa mstari mmoja.

Mstari huo ni wa mtoto wa darasa la tatu ambaye wenzake wanamwita Nukta, kwa jinsi alivyo mdogo. Mchicha anakula, karoti anakula, hata kabichi ile ya kijivu anaimaliza bila kukunja uso. Ndizi hataki. Na ndizi ndiyo tunda pekee linalofika salama barabara ikiharibika, kwa hiyo siku hizi ni ndizi karibu kila mchana. Nilimuuliza kuna nini. Akasema inamchoma koo.

"Ndizi haichomi, mwanangu," nikamwambia. "Ndizi wanapewa watoto wasio na meno."

Darasa zima likacheka. Nami nikajiona hodari wa mzaha.

Ijumaa, 15 Machi

Nilimwita shangazi yake, ndiye anayemlea tangu mama yake afariki. Amekuja moja kwa moja kutoka kazini, anapiga pasi kwenye duka la dobi, miguu imejaa tope na saa anaitazama kila dakika. Hakutaka maneno mengi. Alisema mtoto ana deko, mama yake alimlea kama yai, tumlazimishe tu atazoea. Nilimshukuru. Nilitaka kusikia hivyo hivyo.

Barua bado.

Jumatatu, 18 Machi

Nukta amekaa bwaloni kuanzia mlo wa mchana mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Nami nimekaa naye. Bwalo letu ni refu na la giza, madirisha yana nyavu za waya, mvua ikipiga bati hata sauti yako huisikii. Wenzake walikuwa darasani. Yeye na ndizi yake mwisho wa benchi, mimi na madaftari yangu mwisho mwingine wa bwalo.

Jumanne, 19 Machi

Vile vile.

Jumatano, 20 Machi

Vile vile. Ndizi ilikuwa imeshaanza kuwa nyeusi.

Ijumaa, 22 Machi

Vile vile. Jioni nilipiga simu nyumbani. Mwanangu alipokea, nikamuuliza mama yuko wapi, kwa utani, nikitarajia aseme ni mimi. Akasema mama yuko jikoni, ngoja amwite. Akaja mama mkwe. Tumeongea habari za mvua.

Jumatatu, 25 Machi

Leo mpishi alikuwa anafuta meza, akafika kwenye ya Nukta, akaizunguka sahani bila kuisogeza. Alipofika kwangu akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mtoto anayeimaliza kabichi yangu hana deko."

Nilimwambia ashughulike na sufuria zake. Hata hivyo neno lake limenikaa kooni mpaka sasa.

Jumanne, 26 Machi

Nukta kaniuliza swali leo. Mvua ilikuwa imetulia kidogo ndipo nikamsikia.

"Mwalimu, na wewe umekatazwa kutoka?"

Nikamwambia hapana, mimi ni mtu mzima.

"Mbona hutoki?"

Nikamwambia akae kimya ale.

Alhamisi, 28 Machi

Naandika niko zahanati, kwenye benchi la nje, nyuma ya fomu tupu za hapa kwa kuwa shajara niliiacha chumbani. Nitayanakili baadaye. Nisipoandika sasa nitaanza kujidanganya.

Mkuu aliingia bwaloni saa nane. Alisimama nyuma yangu akaitazama chati, akaweka kidole kwenye mstari wa Nukta, mstari mweupe peke yake katikati ya vema. Hakufoka. Alisema tu kwamba wakaguzi si vipofu, na kwamba mwalimu anayeshindwa na mtoto mmoja atapataje sifa za kupelekwa kwenye shule nyingine. Kisha akaondoka, viatu vyake vikilia kwenye maji mlangoni.

Nikahamia kwenye benchi la Nukta. Nilikuwa sijawahi kukaa karibu naye. Nikaimenya ndizi mwenyewe, nikaikata kwa kijiko.

"Nusu tu," nikasema. "Kula nusu, tuondoke sote wawili."

"Sote wawili?"

"Sote wawili."

Alinitazama. Si kwamba aliogopa. Alinionea huruma, na hilo ndilo siwezi kulifuta. Alikula nusu ile haraka haraka, kama mtu anayemfanyia mwenzake kazi, akafungua mdomo anionyeshe kuwa amemeza. Niliweka vema kwenye chati. Nilikuwa bado nimeshika kalamu alipoanza kujikuna shingo.

Midomo ilivimba kwanza. Kisha macho. Nilimpa maji, hayakushuka. Akaanza kuvuta pumzi kwa mluzi, mluzi mwembamba kama wa birika, na mikono yake midogo ikashika gauni langu. Nilisimama palepale. Mimi niliyesomea ualimu miaka mitatu nilisimama nikilitaja jina lake, basi. Ni mpishi aliyetoka jikoni, akamtazama mara moja, akamnyanyua akamtupia mgongoni na kuanza kukimbia.

Zahanati iko ng'ambo ya kijito. Wiki mbili hizi hakuna gari linalopita pale. Mpishi aliingia majini na viatu vyake, maji yakamfika kiunoni, amembeba mtoto juu mabegani, mimi nyuma nimeshika mguu mmoja wa mtoto kana kwamba ningeweza kusaidia kitu. Njia nzima nilikuwa nausikiliza ule mluzi. Niliuombea uendelee. Katikati ya mto ukawa unakatika.

Muuguzi hakuuliza lolote. Alimchoma sindano pajani, akamweka mashine ya hewa, akakaa naye. Baada ya muda usiopimika mluzi ukalainika, ukawa pumzi.

Ndipo akanigeukia. "Amekula nini?"

"Ndizi."

"Iliwahi kumsumbua?"

Mpishi alikuwa amesimama mlangoni, maji yanamchuruzika. Aliniachia nijibu mwenyewe.

"Alituambia," nikasema. "Wiki mbili alituambia."

Ijumaa, 29 Machi

Nukta amelala vizuri, uvimbe umeshuka. Muuguzi amenieleza kwamba ni mzio: chakula kisicho na kosa kwa wengine, kwake mwili unakipokea kama adui na kupigana nacho, na mara nyingine vita hivyo vinaziba koo. Akila tena anaweza asifike zahanati. Amesema na parachichi akae nalo mbali mpaka apimwe. Ameniandikia cheti.

Shangazi alipofika nilikuwa nimejiandaa kumwambia yote. Nilimkuta Mkuu ameshanitangulia. Alikuwa amemshika bega, anampa pole, anamweleza kwamba mtoto ameumwa na mdudu, msimu huu wadudu ni wengi. Shangazi alikuwa analia na kumshukuru Mkuu. Kisha akanigeukia akanishukuru na mimi.

Sikufungua mdomo. Cheti kilikuwa mfukoni.

Jumatatu, 1 Aprili

Mkuu aliniita. Jiwe lilikuwa limewekwa pembeni na barua yangu iko wazi mbele yake, ina sahihi, ina muhuri. Karibu nayo kulikuwa na fomu tupu ya ripoti ya ajali. Hakunitisha. Alizungumza kwa upole kabisa: mtoto amepona, mradi unasaidia watoto mia mbili, kelele za mtu mmoja zitawakosesha wote matunda, na mimi nina mtoto wangu anayenisubiri.

Nimeandika mdudu.

Jumanne, 2 Aprili

Barua iko kwenye mkoba wa tarishi. Itaondoka mara kijito kikipungua na gari la posta likapita. Kila saa nachungulia dirishani. Maji hayapungui.

Jumatano, 3 Aprili

Nilipompa habari ya uhamisho, mume wangu alicheka kwenye simu mpaka akakohoa. Mama mkwe ameanza kutoa magunia yake kwenye chumba cha nyuma, tupate pa kulala. Mwanangu aliuliza kama nitafika kesho. Nikasema kesho kutwa, kwa kuwa kwake kesho kutwa ni neno tu.

Wote wana furaha. Mimi najikaza kisabuni.

Ijumaa, 5 Aprili

Mvua. Tarishi hajaondoka. Mpishi haniamkii tena.

Jumatatu, 8 Aprili

Nukta amerudi shuleni leo. Nilijua atarudi. Ninachoshindwa kuelewa ni kwamba sikufikiria kitakachotokea akirudi.

Zamu ilikuwa ya mwalimu wa hesabu. Mimi nilikuwa nafundisha darasa la tano, mpishi akatokea dirishani na aproni yake, akasema neno moja: "Njoo." Nilitupa chaki nikakimbia.

Nukta alikuwa mwisho wa benchi, mahali pake pale pale. Ndizi imeshamenywa, iko mkononi mwake, imefika usawa wa kidevu. Hakuwa analia. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasubiri apate nguvu. Niliikwapua mkononi mwake nikamfuta vidole kimoja kimoja kwa gauni langu.

Mwalimu wa hesabu hakukasirika. Si mtu mbaya. Aliniuliza kwa mshangao nina nini. "Wewe ndiye uliyeandika ripoti," akasema. "Umeandika mdudu. Sasa ndizi ina kosa gani?"

Nilikuwa nimefikiri uongo wangu umeishia kwenye karatasi. Kumbe ulikuwa umemkalisha mtoto tena mbele ya sahani, na safari hii mimi ningekuwa mbali, nafunga masanduku.

Jioni nilikwenda kwa dobi. Shangazi alikuwa anapiga pasi mashati, mvuke umemzunguka. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kuanzia siku aliponiambia mtoto ana deko mpaka siku niliyosaini. Sikujipunguzia. Aliendelea kupiga shati lile lile, mkono wa kulia, wa kushoto, kola, akarudi mkono wa kulia. Nilitegemea anitukane. Afadhali angenitukana.

"Mimi ndiye niliyesema mumlazimishe," akasema mwishowe.

"Na mimi ndiye niliyemlazimisha, dada."

Akaiweka pasi wima. Akaniuliza ni vyakula gani hasa, nimtajie polepole, kwa sababu hajui kusoma vizuri na anataka kuvishika kichwani. Nikamtajia. Akavirudia mara tatu. Aliponisindikiza mlangoni hakunipa mkono, na sikuudai.

Nimeandika ripoti ya pili. Nimeambatanisha cheti. Nakala nimempelekea muuguzi kabla giza halijaingia.

Jumanne, 9 Aprili

Mkuu aliisoma mara mbili. Nilimwambia mambo mawili: sheria ya sahani iondolewe leo, na nakala iko zahanati. Alimwita tarishi, akaitoa barua yangu mkobani, akaiweka kwenye droo na kuifunga kwa ufunguo. Nilitegemea hasira. Badala yake alitabasamu kama mtu aliyeelewa hesabu ngumu.

"Sheria naiondoa," akasema. "Lakini wewe huwezi kuondoka. Umeandika mwenyewe kwamba walimu wengine hawaujui mzio wa mtoto huyu. Ukienda, nani atamwangalia?"

Ameninasa kwa maneno yangu mwenyewe, na kibaya zaidi, amesema kweli.

Jumatano, 10 Aprili

Nimempigia mume wangu. Nilisikia mvua ya kwao kwenye simu. Akasema nimefanya vizuri. Alisema kama mtu anayesoma.

Ijumaa, 12 Aprili

Sheria imeondoka na sahani zimerudi jikoni zimejaa. Karoti ziko chini ya meza. Wiki zote zile watoto hawakujifunza kupenda chochote, walijifunza kumeza.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimekwenda jikoni kuomba radhi. Mpishi alinipa kisu na kitunguu, nikaelewa kwamba nimesamehewa au angalau nimepewa kazi. Tukiwa tunakatakata akanieleza habari ya kabichi. Miaka sita iliyopita tumbo la kuharisha liliwaangusha watoto arobaini hapa shuleni, mmoja akafa, na lawama zikamwangukia yeye. Tangu siku hiyo hakuna jani linalotoka kwake kabla halijachemka mpaka life. Na mimi nilimwandika humu kuwa mvivu. Nimerudi ukurasa ule nikausoma. Nitauacha ulivyo.

Tumepatana tuoshe kwa maji yaliyochemshwa, tukate nyembamba, tupike kidogo.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimeacha kuwaambia kwamba mboga zinajenga mwili. Leo niliwapa darasa la tatu karoti mbichi, kabichi na chungwa, nikawaambia waonje au wasionje, ila kila mmoja aniambie kinywa chake kinasema nini. Mmoja akasema karoti inapiga kelele kichwani. Mwingine akasema kabichi hii si ile, ile imekufa na hii imelala tu. Mpishi alikuwa nje ya dirisha, akacheka mpaka akashika ukuta.

Anayesema hataki, namuuliza kwa nini, na namsubiri ajibu. Wengi hawana sababu, wanaonja. Mmoja alikuwa na jino bovu. Nilikuwa namwandika kuwa mkaidi tangu Machi.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimepita kila darasa na chumba cha walimu kueleza mzio. Mwalimu wa hesabu aliniomba cheti akinakili kwa mkono wake mwenyewe, akaibandika nakala juu ya mlango wa bwalo. Sahani zimeanza kupungua, kidogo kidogo.

Jumatano, 24 Aprili

Wakaguzi wamekuja, mama mmoja na bwana mmoja. Walikuta watoto wanakula, wengine wanabakiza, mabaki yanaonekana wazi. Chati ina mapengo. Mkuu alikuwa anatoka jasho katikati ya mvua.

Yule mama alisimama kwa Nukta, ambaye alikuwa na chungwa wakati wenzake wote wana ndizi. Akamuuliza kama hapendi ndizi. Nukta alimeza kwanza, kisha akajibu bila kuinuka, "Harufu yake naipenda. Koo langu ndilo linakataa. Nilisema."

Mama yule akanitazama. Nikamwambia ni kweli, alisema, na mimi sikusikia, na ripoti ipo. Aliisoma pale pale amesimama. Hakunilaumu wala hakunisifu. Aliandika mistari mingi.

Ijumaa, 3 Mei

Muhula umefungwa. Barua kutoka kwa wakaguzi imefika: mradi utaendelea mwaka mzima, watoto wasilazimishwe kula, na msimamizi asibadilishwe. Mkuu alinisomea mstari huo wa mwisho mara mbili. Nimepewa onyo la maandishi kwa ile ripoti ya kwanza, nami nimelisaini kwa haki. Likizo yenyewe ni siku kumi, mbili za njiani kwenda na kurudi. Mwanangu nitakaa naye siku nane.

Nilikuwa nafunga bwalo, Nukta akaja na begi lake mgongoni. Shangazi alikuwa anamsubiri getini, akaniinulia mkono, mara ya kwanza. Mtoto alisimama mbele yangu anachezea kamba ya begi.

"Mwalimu, muhula ujao utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

"Na mwaka ujao?"

Nilizungusha ufunguo mlangoni kwanza. Nikamwambia nadhani nitakuwepo.

Akafurahi. Alifurahi waziwazi, meno yote nje, akageuka akakimbia kwenda getini akirukaruka madimbwi. Nilisimama na ufunguo mkononi nikimtazama, na sikuweza kumkasirikia kwa furaha yake.